Kipya Kinyemi: Maneno Juu ya Sketi ya Jinzi Kuukuu

Maneno haya nilipaswa kuyasema siku ile ile, nami sikuyasema. Tulikuwa Tanga, nyumbani kwa kaka yangu, katika kikao cha ukoo cha kuandaa harusi. Watu walijaa sebuleni, wengine barazani. Binti wa kaka yangu, msichana wa chuo, alitoka jikoni na sinia la vikombe vya chai. Alikuwa amevaa sketi ndefu ya jinzi ambayo zamani ilikuwa suruali. Mbele na nyuma ilikuwa na vipande vya pembetatu vya kitenge cha njano na zambarau, na chini, juu kidogo ya pindo, ulizungushwa utepe wa kitenge kile kile pamoja na mstari mmoja wa lesi nyeupe. Ilimkaa vizuri. Mume wa mdogo wangu, mtu mwenye cheo na sauti, akaitazama ile sketi kutoka juu hadi chini, akasema, "Hivi mama, baba yako ameshindwa kabisa kukununulia sketi nzima, mpaka ushonewe viraka?"

Watu wakacheka. Binti naye akacheka, kwa sababu mtoto aliyelelewa hana la kufanya mkubwa anapomtania mbele ya watu ila kucheka. Kaka yangu hakucheka. Aliinamia kikombe chake. Jioni nilipoingia chumbani kwa binti, niliikuta ile sketi imekunjwa na kusukumizwa chini kabisa ya begi, naye amejifunga kanga. Hakusema kitu. Mimi pia sikusema kitu, maana kujibizana na shemeji mbele ya wageni si adabu, na siku ile ilikuwa ya harusi, haikuwa ya mashitaka. Leo hakuna wageni. Leo najibu.

Kwanza tuwekane sawa juu ya kitu chenyewe. Shemeji alisema viraka. Kiraka ni kipande cha nguo kinachozibia tundu. Sketi ile haikuwa na tundu hata moja. Najua, kwa sababu nilikwenda na binti kuinunua ile suruali mnadani, nikakaa naye kwa fundi, kwenye baraza ya duka moja huko Ngamiani, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Suruali yenyewe ilikuwa ya kiume, pana kiunoni, imepauka vizuri. Binti aliishika mapajani akaiinua kwenye jua, maana jinzi huanza kufa mapajani na kwenye makalio. Ukiona mwanga unapenya kama kwenye chandarua, rudisha, hata ukipewa bure. Ile ilikuwa nzima. Akatoa shilingi 4,000.

Fundi alianza kwa kufumua. Mtu asiyeshona hudhani kazi ya fundi ni kushona tu. Nusu ya kazi hii ni kufumua. Mshono wa ndani wa miguu ya jinzi hukunjwa mara mbili na kupigwa mistari miwili ya uzi mnene. Umetengenezwa usiachie. Aliufuata kwa wembe, uzi kwa uzi, kutoka mguu mmoja, akapita katikati, akashuka mguu wa pili. Kisha akafumua pale kati: mbele karibu kufikia zipu, nyuma juu zaidi, hadi nguo ikalala chali mezani bila kujikunja. Hapo ndipo mafundi wengi wavivu huharibu. Hawafumui vya kutosha, na sketi hubaki na kinundu nyuma kama mkia uliokatwa. Huyu alifumua, akapandisha upande mmoja juu ya mwingine, akapitisha mshono mpya mle mle katika alama ya mshono wa zamani.

Miguu ikiisha kufunguka, huacha nafasi ya pembetatu mbele na nyuma. Nafasi hiyo si tundu. Ni upana. Ndiyo inayomwezesha mwanamke kupanda daladala, kuruka mtaro na kukaa kwenye mkeka. Fundi aliijaza kwa kitenge. Lakini kabla ya kukata alimuuliza binti, "Umekifua?" Binti alikuwa hajakifua. Fundi akakataa kukigusa. Akatuma maji, kikafuliwa, kikaanikwa juani, tukangoja. Kitenge kikishonwa juu ya jinzi kabla ya kufuliwa, siku ya kwanza ya kufua chenyewe hupungua na jinzi haipungui, maana yenyewe imekwisha kufuliwa mara nyingi huko ilikotoka. Pindo lote litajikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Na kama kitenge ni cha kuchuja, ile lesi nyeupe itakuwa ya zambarau.

Halafu akabadilisha sindano. Ile ya vitambaa vyepesi aliitoa, akatia nene ya namba 18. Alipofika penye makutano ya mishono, ambapo kuna matabaka sita au manane ya jinzi, hakukanyaga. Aliyagonga kwanza kwa nyundo yakalainika, kisha akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, tundu moja baada ya jingine. Mwisho akapima utepe kuzunguka pindo lote, akaubana kwa pini, akamsimamisha binti, akarudi nyuma hatua tatu kutazama, akaufumua upande mmoja, akaubana upya. Malipo yake yalikuwa shilingi 7,000. Kipande cha kitenge 3,000, lesi 1,000. Jumla 15,000.

Sasa namuuliza shemeji: hapo kiraka kiko wapi? Mimi nimeona hesabu, nimeona subira, nimeona macho ya mtu anayejua nguo itafanya nini baada ya kufuliwa mara kumi. Dukani sketi mpya ilikuwa 20,000, ya kitambaa chembamba cha plastiki kilichosokotwa, iliyoshonwa na mtu tusiyemjua katika nchi tusiyoijua. Binti angeinunua hiyo, shemeji asingesema neno. Angeiona "nzima". Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Walisema kwa kejeli, lakini sisi tumeifanya kuwa kanuni ya maisha. Tunapenda kidonda kwa sababu tu ni kipya.

Tena tunapenda hata zaidi kitu kipya kilichofanywa kionekane kikuukuu. Nendeni kwenye maduka makubwa mkaone suruali za jinzi zilizochanwa magotini kiwandani, zinauzwa kwa bei ya mbuzi. Mtoto wa shemeji mwenyewe anazo. Hakuna aliyemuuliza kama baba yake ameshindwa kumnunulia suruali nzima. Na yafaa watu wajue upaukaji ule wa dukani ulivyowahi kupatikana. Rangi ya nili haiingii mpaka kiini cha uzi. Hukaa juu juu, ndiyo maana jinzi hupauka kadiri unavyoivaa. Viwanda havikuwa na subira ya kungoja mtu aivae. Vikawa vinawapa vijana mashine ya kurusha mchanga kwa nguvu za hewa juu ya jinzi mpya ili ipauke kwa dakika chache. Vumbi la mchanga huo likaingia mapafuni mwao. Nchini Uturuki vijana wengi waliugua silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona, wengine wakafa, hata serikali yao ikapiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009. Watu wamekufa ili nguo mpya ifanane na kuukuu, na sisi tuliyo nayo kuukuu ya kweli, iliyopauka kwa jasho la mwenyewe, tunaionea haya!

Shemeji ni msomi, basi nimkumbushe historia kidogo. Jinzi yenyewe ilizaliwa mezani kwa fundi cherehani, na ilizaliwa kwa sababu ya kuchanika. Huko Reno, katika jimbo la Nevada nchini Marekani, palikuwa na fundi aliyeitwa Jacob Davis, mhamiaji kutoka Riga. Alikuwa akishonea watu wa kazi ngumu, na mifuko ya suruali zao ilikuwa ikichanika kila mara pembeni. Akafikiri kuzipigilia pembe zile ribiti za shaba, zile zile alizokuwa akizitumia kwenye matandiko ya farasi. Zikashika. Hakuwa na uwezo wa kulipia hataza peke yake, akamwandikia mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia vitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, na hataza ikatolewa tarehe 20 Mei 1873. Dunia nzima inalijua jina la mwenye duka. Jina la fundi wanalijua wachache. Kumdharau fundi ni tabia ya zamani, shemeji hakuianzisha.

Na kama Marekani ni mbali, turudi kwetu pwani. Katika karne ya 19 nguo iliyotawala biashara ya Zanzibar ilikuwa pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliyoletwa na merikebu kutoka Marekani, kutoka Salem na miji ya jirani yake. Ndiyo maana tuliiita merikani. Ilikuwa nguo ya bei nafuu, na waliovaa merikani hasa walikuwa watumwa na maskini. Wanawake hawakuiacha ikae vile ilivyoletwa. Waliichovya katika nili ikawa kaniki. Tazameni basi: pamba ya Marekani na rangi ya nili, kwenye mwili wa mwanamke wa pwani, zaidi ya miaka 100 kabla ya mtumba wa kwanza wa jinzi kufunguliwa Tanga. Hii si ajabu mpya.

Kisha ikaja kanga. Sisi tunaitaja kanga kama vazi la asili, na ni kweli ni letu. Lakini inasimuliwa pwani nzima kwamba ilianza kwa leso, vitambaa vya mkononi vilivyoletwa kutoka ng'ambo, ambavyo wanawake walivinunua kwa wingi wakavishonanisha, vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi moja pana. Neno leso lenyewe ni la Kireno, na Mombasa mpaka leo kanga huitwa leso. Kwa hiyo lile vazi tunalolifungia maiti kiuno na kumpokelea mtoto anapozaliwa lilianza kwa kuunganisha vipande vya kigeni. Laiti siku ile angekuwapo mtu wa kuwacheka wale bibi kwamba wanavaa viraka, na laiti wangemsikiliza, leo tusingekuwa na kanga.

Na mapambo nayo? Wapo wanaosema jinzi iachwe jinzi, urembo wa lesi na utepe ni ushamba. Hao hawajatazama kanzu ya babu zao. Taraza ni neno la Kiswahili la siku nyingi: ule utepe wa nakshi unaoshonwa kwenye shingo au pindo la vazi ili kulitofautisha na kitambaa kitupu. Kofia hudariziwa kwa mkono wiki nyingi. Kanga haiitwi kanga bila pindo lake. Mtu wa pwani hajawahi kuamini kwamba nguo imekwisha wakati imetosha kusitiri tu. Utepe wa kitenge kwenye sketi ya jinzi ni taraza. Unasema kwamba nguo hii imepita mikononi mwa mtu, na kwamba aliyeivaa alifikiriwa.

Sasa nafikia hoja nzito, na sitaikwepa. Baada ya kicheko, shemeji alijitetea kwa uzalendo. Alisema mitumba ndiyo iliyoua viwanda vyetu, na kila anayenunua jinzi kuukuu anaweka udongo juu ya kaburi la Urafiki na Mwatex. Hoja hii naiheshimu. Mkoa wetu uliishi kwa mkonge, najua kiwanda kikifa mtaa unakuwaje. Kiwanda cha Urafiki kilijengwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, na ilikuwa fahari kuvaa kitenge chake. Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, yote yalikuwa majina ya matumaini.

Lakini tuseme ukweli wote. Mitumba ilianza kumiminika baada ya biashara kulegezwa kuanzia mwaka 1984. Viwanda vilikuwa vinaumwa kabla ya hapo: vipuri hakuna kwa kukosa fedha za kigeni, umeme na maji vya kubahatisha, na menejimenti ambazo kila mtu anazijua. Mwaka 1982 sikuwa na mtumba wa kununua, na kitambaa cha kiwandani pia sikukiona. Mitumba iliwakuta wagonjwa wamelala ikawakanyaga. Sisemi haina hatia. Nasema haikuwa peke yake. Na leo anayeshindana na kitenge chetu zaidi ni ile nguo mpya ya plastiki ya bei poa, ambayo shemeji haioni kwa sababu ina lebo na mfuko wa nailoni. Pamba yetu nayo, ile inayolimwa Shinyanga na Simiyu, sehemu kubwa husafirishwa nje ikiwa pamba nyuzi, kabla haijawa hata uzi wa kushonea. Sketi ya mpwawe haikufanya hayo.

Tulijaribu pia njia ya marufuku. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ifikapo mwaka 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika serikalini kwao, na serikali yao ikatishia kutuondolea nafuu ya kuuza bidhaa kule bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya ikarudi nyuma mwaka 2017. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda peke yake ilishikilia. Ilikuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu hiyo kwa nguo zake. Mimi nawavulia kofia Wanyarwanda. Lakini naomba tuone funzo lililomo: vita hivyo ni vya mawaziri na mabalozi, vinapiganwa kwa ushuru na mikataba. Ni uonevu kumtwisha msichana wa chuo, katikati ya sebule, akiwa na sinia la chai mkononi, mzigo ambao marais watatu hawakuweza kuubeba.

Tena tukitafakari vizuri, fundi wa Ngamiani ni kiwanda. Ni kidogo, kinakaa barazani, lakini kinachukua malighafi na kutoa bidhaa yenye thamani zaidi. Suruali ya 4,000 iliingia, sketi ya 15,000 ikatoka, na kile kilichoongezeka kikabaki mtaani: kwa fundi, kwa muuza kitenge, kwa mama wa lesi. Tunahubiri viwanda vidogo kila mwaka kwenye maonyesho ya Nane Nane na Saba Saba, kisha tukikutana na kimoja kinachofanya kazi tunakicheka kwa sababu malighafi yake ni kuukuu. Kampuni ya Levi Strauss yenyewe ilipopima mwaka 2015, ilikuta suruali moja ya jinzi hutumia zaidi ya lita 3,700 za maji katika maisha yake yote, kuanzia shamba la pamba mpaka kufuliwa na mwenyewe. Nani mwenye akili atakayetupa kitu kilichonyweshwa maji kiasi hicho, kwa sababu tu mshono wake wa ndani hakumpendeza?

Nisiwe wa upande mmoja. Mafundi nao wana makosa yao, na wengine ndio wanaowapa akina shemeji la kusema. Wapo wanaopokea kazi kumi wakijua wataimaliza moja, na "njoo kesho" yao haina mwisho. Wapo wanaokata kabla ya kupima, wakaziba kosa kwa utepe. Hapo pambo hugeuka kiraka kweli. Wapo wanaoshona jinzi kwa uzi mwembamba wa gauni, ukakatika mwenye nguo akiwa njiani. Fundi wa namna hiyo anaidhalilisha kazi kuliko kicheko chochote. Akitaka heshima, aanze kwa kufumua vya kutosha na kufua kitenge kwanza.

Kulikuwa na sauti ya tatu kwenye kikao kile, ya mama mmoja mtu mzima. Yeye hakujali umaskini wala viwanda. Alisema, "Jinzi ni jinzi tu, hata ukiifanya sketi. Uhuni haufichwi kwa lesi." Sketi ilifika kwenye vifundo vya miguu! Kumbe hapakuwa na urefu ambao ungetosha. Mimi ni mtoto wa miaka ya Operesheni Vijana, ile ya TANU Youth League iliyoanza Januari 1969 kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Nilikua nikisimuliwa jinsi wasichana walivyobughudhiwa barabarani kwa jina la utamaduni. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliodai hakuvaa kwa heshima. Kila mara ni nguo ya mwanamke inayopimwa, na kila mara futi ya kupimia iko mkononi mwa mwingine. Ikiwa fupi ni uhuni, ikiwa suruali ni uhuni, ikigeuzwa sketi ndefu bado inakumbuka kuwa ilikuwa suruali. Nguo haina kumbukumbu, mama yangu. Kumbukumbu unayo wewe.

Msomaji ataniuliza kwa nini nimekasirika kiasi hiki kwa ajili ya sketi moja. Ni swali la haki, nami nitalijibu ingawa jibu lake halinipambi.

Mwaka 1982 nilikuwa na miaka 15. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha lakini nchi ilikuwa haina kitu. Nguo zilitoka kwa foleni na kwa kujuana. Baba yangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Tanga, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Miongoni mwa vitu alivyoviacha ilikuwa suruali ya jinzi aliyoinunua kwa baharia wa meli moja, akaivaa Jumapili na sikukuu tu. Mama alikuwa na cherehani ya mkono. Ilipokaribia harusi ya binamu yetu, na mimi sina nguo ya kutokea, mama alikaa usiku mbili tatu kwenye taa ya chemli, akafumua ile suruali, akanishonea sketi. Vipande vya pembetatu alivikata kutoka miguu yenyewe. Chini alizungusha pindo la kanga yake aliyoipenda, akalikata kwa mkono wake.

Nilipoiona nilisema, "Mimi sivai suruali ya marehemu."

Mama hakunijibu. Alisema tu, "Haya, nguo haiozi," akaikunja. Nikaenda kuazima gauni kwa rafiki yangu wa shuleni, jipya, lililoletwa na kaka yake kutoka Mombasa. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hii wengine huisema kwa mdomo, mimi niliivaa. Katikati ya harusi, mbele ya vijana niliotaka wanione, mwenye gauni akaniambia kwa sauti, "Angalia usilimwagie mchuzi gauni langu." Mama alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka hapo. Alisikia. Wala hakunitazama, ili nisijue kwamba amesikia. Ile ndiyo adabu yake.

Sketi alipewa mdogo wangu. Aliivaa miaka mitatu, ikawa ndiyo nguo yake ya kupendeza, na ilipombana mama aliikata tena akamshonea mfuko wa kubebea madaftari. Mdogo wangu huyo ndiye mke wa shemeji. Siku ya kikao alikuwa amekaa kwenye kochi, ubavuni mwa mumewe. Kicheko kilipopigwa, yeye hakucheka. Alinitazama mimi. Hakuna mwingine sebuleni aliyejua kwa nini.

Mama alifariki bila mimi kumwambia neno juu ya sketi ile. Nilidhani iko siku. Nimeandika haya kwa sababu maneno ya shemeji niliyatambua: yalikuwa yangu, ya mwaka 1982, yamepata ndevu na cheo. Najua yanatoka wapi. Yanatoka kwenye hofu ya kuonekana maskini, na hofu hiyo inaumiza watu wengi kuliko umaskini wenyewe, kwa sababu humfanya mtu aikatae kazi ya mikono ya anayempenda akaazime kwa anayemdharau.

Kwa hiyo nawaomba wazazi, msiwafundishe watoto kuona haya kwa nguo iliyofumuliwa na kushonwa upya. Wafundisheni kuikagua: mshono umenyooka? Pindo limelala? Kitenge kilifuliwa kabla? Wakikuta kasoro, waikosoe kasoro, waache ukuukuu. Nawaomba vijana, mkiwa na jinzi iliyochoka magotini na bado nzima kiunoni, msiitupe wala msiifanye dekio. Ipelekeni kwa fundi, kaeni naye, mwone.

Na wewe shemeji yangu, ambaye kitabu hiki nitakuletea kwa mkono wangu: sikudai fedha wala sikudai radhi yangu. Ile sketi iko bado chini ya begi. Binti hajaivaa mbele ya watu tangu siku ile, na fundi wa Ngamiani kila nikipita huniuliza kama ilimkaa. Siku ukifika tena Tanga, mwambie mpwa wako aivae, na akileta chai, sema neno moja jema mbele ya watu wale wale. Usingoje. Mimi nilingoja.